Somo: Pima shawa yako kwa ndoo kabla hujanunua mpya

Habari zenu ndugu. Tangu ule mgao wa maji wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua maji na Dar nzima ikahangaika na madumu, kila ninapokwenda kufunga bomba naulizwa ni shawa ipi inayobana maji. Nami huuliza kwanza: hiyo uliyonayo inatoa lita ngapi kwa dakika? Karibu wote hawajui. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Pima
Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Fungua shawa kwa kiasi kilekile unachofungua ukioga. Ndoo ikijaa, chukua 600 ugawe kwa sekunde ulizopata. Jibu ndilo lita kwa dakika.

Kwangu maji yanasukumwa na pampu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 43, yaani lita 14 kwa dakika. Tuko watano, kila mtu anaoga kama dakika 6: lita 420 kwa siku. Tangi la lita 2,000 lilikuwa linakwisha kabla ya siku tano kwa kuoga peke yake, hatujafua wala hatujapika. Niliumia sana kuona hesabu hiyo, maana boza nalilipa mimi.

Ukipata lita 8 kushuka chini, usinunue kitu. Marekani sheria yao ya 1992 iliweka kikomo cha lita 9.5 kwa dakika, na California tangu 2018 ni lita 6.8. Wewe uko vizuri tayari.

Hatua ya 2: Jua nguvu ya maji yako
Fedha za watu wengi zinapotelea hapa. Kama huna pampu, nguvu ya maji inatokana na urefu tu. Pima kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye shawa: kila mita moja inakupa bar 0.1 (bar ni kipimo cha nguvu ya maji). Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa una bar 0.3. Sasa soma boksi la shawa dukani. Nyingi za kubana maji zimeandikwa zinahitaji angalau bar 1, yaani tangi liwe mita 10 juu. Nani ana mnara huo Mbagala?

Nimeshafungua shawa pana za mviringo, zile kama sinia, kwenye nyumba za tangi fupi. Maji yanachuruzika katikati, pembeni pakavu, na mtu anasimama dakika 15 kutoa povu. Kwa tangi fupi chukua kichwa kidogo chenye matundu machache.

Hatua ya 3: Funga
Funga koki kuu. Zungusha kichwa cha zamani kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo uweke spana. Toa tepu kuukuu yote (ile nyeupe ya kuzuia kuvuja) kwenye nyuzi za mwisho wa bomba, kisha zungusha mpya mara nne au tano kufuata mshale wa saa. Ukizungusha kinyume itajikunja unapokaza na maji yatavuja.

Angalia ndani ya kichwa kipya: kuna washa ya mpira, kichujio, na kwa nyingi kuna kiduara cha plastiki chenye tundu dogo. Hicho kiduara ndicho kinachobana maji. Mafundi wengine hukitoa ili "maji yaje na nguvu", halafu mteja analalamika shawa haijasaidia kitu. Simama naye akifunga.

Ukiweza, ongeza koki ndogo kati ya bomba na kichwa. Unaifunga ukijipaka sabuni, unaifungua ukijisuuza.

Hatua ya 4: Pima tena
Kwangu sasa ni sekunde 85, lita 7. Zile 420 zimekuwa 210.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Tabata:* Fundi, si bora tuoge kwa kopo tu?
Kwa maji, ndiyo dada yangu. Ndoo ya lita 20 inamtosha mtu, na shawa yangu ya lita 7 kwa dakika 6 ni lita 42. Somo hili ni la wanaotumia shawa tayari.

*Mkazi wa Arusha:* Yangu ni ya umeme, ya kupasha maji papo hapo. Niweke kiduara?
Usiweke. Shawa hizo zinahitaji nguvu fulani ya maji ndipo ziwake. Ukibana sana haziwaki. Punguza dakika za kuoga.

*Kaka wa Kigamboni:* Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Shawa mpya imeziba miezi miwili tu.
Pole. Fungua kichwa, kilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua matundu kwa mswaki wa zamani. Kichujio ukikikung'uta utaona mchanga mweupe. Kwa maji yenu fanya hivyo kila mwezi, na nunua kichwa chenye matundu ya mpira laini, unayakwangua kwa kidole.

*Mama wa Kimara:* Yangu inadondoka hata ikifungwa. Nibadilishe kichwa?
Hapana mama, ugonjwa uko kwenye koki, washa imekwisha. Tega glasi ya robo lita. Ikijaa kwa saa moja unapoteza lita 6 kwa siku. Badilisha washa kwanza, kisha rudi hatua ya 1.