Namna ya Kuhakiki Albamu ya Bendi ya Wavulana Bila Kuwapuuza Wanaoipenda

Juni 2020, bendi ya Kenya ya Sauti Sol walipotoa albamu yao Midnight Train, Nairobi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Kafyu ilianza saa moja jioni, baa zilikuwa na makufuli, na hakukuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka jijini. Albamu yenye jina la safari ya usiku wa manane ikatufikia wakati ambapo usiku hakuna aendaye popote. Niliisikiliza mara mbili kwa visikizi, chumbani kwangu Buruburu, na kesho yake nikaandika uhakiki. Wimbo wa “Disco Matanga” nikauita wimbo wa sherehe.

Jirani yangu Mama Nekesa, mzaliwa wa upande wa Kakamega, alikuja mlangoni akiwa na simu mkononi, akanisomea aya hiyo kwa sauti. “Mwanangu, hapa umeandika sherehe. Umewahi kulala matanga wewe?”

Sikuwahi. Alinieleza akiwa amesimama pale pale: jenereta linanguruma, spika zimepangwa uani kwa wafiwa, vijana wanacheza mpaka alfajiri huku watu wakitoa pesa za mazishi, na wakubwa wa serikali wakipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya wasichana wanaodhulumiwa gizani. Mdundo ule ule niliousikia mimi, yeye aliusikia pamoja na maiti ndani ya nyumba. Tangu siku hiyo nahakiki kwa njia nyingine, na ndiyo ninayokueleza hapa.

Usianze kwa kusoma waliyoandika wengine. Chukua daftari, sikiliza albamu yote bila kuruka, na kila wimbo uupe mistari miwili mitatu: nani ameanza, sauti ya pili imeingia wapi, kiitikio kimekuja mapema au kimecheleweshwa. Kazi kubwa ya bendi ya wavulana iko kwenye kupandanisha sauti, na hapo ndipo wahakiki wengi hawasikilizi kabisa, wanatazama nywele na mavazi. Kwa Sauti Sol, jizoeze kuwatofautisha Bien, Chimano na Savara kwa masikio tu. Kisha rudia albamu ukifuata gitaa la Polycarp peke yake. Kuna watakaobisha kwamba hawa si bendi ya wavulana kwa kuwa wanatunga nyimbo zao wenyewe. Mimi sioni kwa nini kutunga kuwatoe humo.

Mara ya pili, toka nayo nje. Mimi hupanda matatu ya 58 kwenda mjini, kiti cha nyuma karibu na spika, na dereva akikubali namwomba aicheze. Besi itameza maneno. Utakachoendelea kukisikia juu ya honi na makelele ya makanga ndicho kilichoshikilia wimbo. Mara ya tatu isikilize jikoni, sauti ya chini, sufuria ikichemka.

Sasa nenda kwa mashabiki, na hapa usiharakishe. Usiwaulize kama albamu ni nzuri, maana watakujibu ndiyo na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: “Wimbo gani unauruka?” Shabiki wa kweli atasita, ataangalia chini kidogo, halafu atakutajia, na sababu atakayokupa mara nyingi ni kali kuliko yako. Uliza pia alikuwa wapi aliposikia wimbo anaoupenda zaidi. Aliyewafuata tangu albamu yao ya kwanza, Mwanzo ya 2008, atakulinganishia na gitaa lile la utulivu, na huenda akalalamika kwamba wamepotea. Aliyewajua kwa “Suzanna”, wimbo wa Midnight Train, hana deni hilo. Andika majibu ya wote wawili, na useme nani amesema nini. Ukiyachanganya ukaandika “mashabiki wamefurahi”, hujasema kitu.

Namba ziangalie, lakini ujue zinapima nini. Mwaka 1999, Millennium, albamu ya bendi ya wavulana ya Marekani, Backstreet Boys, iliuza zaidi ya nakala milioni 1.1 Marekani katika wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza hupima hamu: wengi walionunua siku ile ya kwanza walikuwa hawajaisikia albamu nzima. Na albamu hiyo hiyo baadaye iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, kwa hiyo usidhani kwamba kupendwa na wengi na kuheshimiwa na wenye kazi yao lazima vigombane.

Jambo moja linaniuma, na nakuomba uliepuke: kuwaita mashabiki “wasichana wa kupiga kelele”. Msichana wa miaka kumi na minne aliyekariri albamu nzima ameisikiliza mara nyingi kuliko wewe. Anaweza kukosea katika hukumu, lakini anajua kila pumzi iliyovutwa kabla ya kiitikio.

Ukiketi kuandika, anza na sauti uliyoisikia, si umbea wa bendi. Hukumu yako iwe wazi, kisha weka za mashabiki kando yake, hasa pale zinapokupinga. Wimbo ukiwa na neno la mila usiyoijua, tafuta aliyelelewa nayo kabla hujaandika hata sentensi moja. Miezi sita ikipita, rudi kwenye daftari, uone ni nyimbo zipi bado zinachezwa bila wewe kuziomba.

Na kabla hujachapisha, mpe msomaji mmoja anayeipenda albamu kuliko wewe. Mimi nilimpelekea Mama Nekesa aya yangu mpya. Aliisoma polepole, akaomba kalamu, akanirudishia karatasi: neno “sherehe” lilikuwa bado limebaki mahali pamoja, naye alikuwa amelizungushia duara.