Kuanza kulipwa kwa katuni ya mtandaoni bila kuwafukuza wasomaji

Enzi za Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliyetaka kucheka alinunua gazeti. Mtandaoni gazeti limeondoka katikati, na suala la malipo limemwangukia mchoraji mwenyewe. Wengi wanalikwepa kwa aibu. Katuni inazunguka hadi kwenye magrupu ya ukoo, huku aliyeichora anahangaika na bando la kupandisha kipande kinachofuata.

Toza. Ila usitoze ulichokwisha kukitoa bure. Ukifunga vipande vya zamani unamnyang'anya msomaji alichokwisha kupewa, tena vipande hivyohivyo ndivyo vinavyokuletea wageni. Uza kilicho pembeni ya katuni: kuisoma mapema, kuishika mkononi, na ruhusa ya kumtumia mhusika wako.

Kabla ya kutaja bei

Usihesabu wafuasi, hesabu wanaofungua. Kwa wiki nne andika kila kipande kimefunguliwa mara ngapi na wangapi wamerudi kwenye kinachofuata. Hao wanaorudi ndio wateja. Wengine ni wapita njia, wazuri kwa kusambaza, si kwa kulipa.

Chukua lipa namba kwenye duka la mtandao wako wa simu. Nenda na kitambulisho cha NIDA na uulize masharti ya siku hiyo. Tangaza namba pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, ili aliyetapeliwa na ukurasa bandia asije akakulaumu wewe. Sahihi na jina la ukurasa wako viweke ndani ya mchoro, juu ya ukuta au kwenye kiti cha daladala, si chini ya fremu. Chini ya fremu hukatwa kabla katuni haijafika grupu la pili.

Ukifikiria majukwaa ya nje ya kuchangiwa kila mwezi, anza na ukurasa wao wa namna ya kutoa fedha, si ule wa kujiunga. Kuna wanaokusanya michango vizuri, kisha wanagundua hakuna njia ya kuifikisha Tanzania.

Kusoma mapema

Hii ndiyo rahisi kuanza nayo. Anayelipa, tuseme shilingi 2,000 kwa mwezi, anasoma vipande viwili mbele ya wengine kwenye grupu la WhatsApp. Usianze kabla hujawa na vipande sita vilivyokamilika: viwili vya waliolipa, vinne vya akiba ya malaria, msiba na umeme kukatika. Mchoraji anayeanza bila akiba hukwama mwezi wa pili, na mtu aliyelipa hana subira ya yule wa bure.

Weka daftari la jina, tarehe ya malipo na tarehe ya kuisha. Kila kipande kisizidi megabaiti 3, kwa sababu msomaji wako yuko kwenye mwendokasi na bando la siku. Na kikivuja? Kitavuja. Hasara ni ndogo, maana kama unatoa kimoja kwa wiki, baada ya wiki mbili kingekuwa bure.

Kitabu

Hapa ndipo pesa hupotea, na mara nyingi hupotea tangu siku ya kuchora. Kipande cha mtandaoni chenye upana wa pikseli 800, kikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, hakifiki hata sentimita 7. Ukurasa wa A5 una sentimita 14.8. Ukikivuta kipande kijaze ukurasa, mistari inakuwa na ukungu na maneno yanasomeka kama yamelowa. Chora kwa upana wa pikseli 2,400 tangu mwanzo, kisha punguza nakala ya mtandaoni.

Kurasa ziwe idadi inayogawanyika kwa 4, maana karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5. Kitabu cha kurasa 24 ni karatasi sita: tano za ndani, gramu 80 au 100, na moja ya jalada, gramu 200 au zaidi, kisha pini mbili katikati. Rangi ya mandhari ipite ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe. Badilisha faili kuwa la rangi nne za wino (CMYK) wewe mwenyewe. Kijani na samawati zinazong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi, na ni afadhali uzione zikififia kwenye kompyuta yako kuliko Kariakoo kazi imeshatoka. Lipia nakala moja ya mfano kabla ya zote.

Sasa hesabu. Tuseme mchapaji amekutajia 2,800 kwa nakala, ukichapa 100: ni 280,000. Ukiuza mwenyewe kwa 5,000, nakala ya 56 inarudisha gharama. Ukipeleka dukani na duka likachukua asilimia 30, unabaki na 3,500, na gharama inarudi kwenye nakala ya 80. Bado za kugawa, zilizochafuka na nauli ya bodaboda. Kwa hiyo chukua oda za kulipia kabla. Zisipofika 60, usichape, rudisha pesa za watu. Kanga yenye mhusika wako ni wazo tamu, lakini kiwanda hakitakuchapia doti kumi.

Kampuni ikimtaka mhusika

Ujumbe huja hivi: "Tumependa kazi yako, tunaomba mhusika wako atutangazie." Usiuze mhusika. Uza ruhusa, na iandikwe: picha ngapi, zitumike wapi, kwa miezi mingapi, na kama unazuiwa kufanya kazi na washindani wao (kuzuiwa nako kuna bei yake). Ukiona maneno "haki zote" kwenye mkataba, rudisha karatasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki inaanza kazi inapobuniwa na hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si sharti, ila ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi.

Kuwa na TIN, namba ya mlipakodi, kabla hawajakuuliza. Anayekulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, kwa hiyo ukitaka 500,000 mkononi, taja 526,500, na udai cheti cha makato. Nusu ya pesa iingie kabla hujashika kalamu. Marekebisho yawe mawili, la tatu lilipiwe. Bila sentensi hiyo utakuwa unabadilisha rangi ya kofia hadi Sabasaba.