Kufungua na kufufua baiskeli kuukuu ya mbio ya Kiitaliano

Ukiikuta fremu ya chuma ya Kiitaliano kati ya baiskeli za mitumba, iwe Kibuye mjini Kisumu au kwa wauzaji wa Nakuru, usiinunue kwa sababu ya jina lililobandikwa. Stika hununuliwa, na ile rangi ya kampuni ya Bianchi iliyo kati ya kijani na samawati hupakwa na yeyote mwenye mashine ya kupulizia. Tazama chuma chenyewe. Fremu nyingi za kampuni ya Colnago zina ua la karata lililochongwa kwenye vishikio vya maungio, vile vipande vya chuma ambavyo mabomba huingia ndani yake. Direla ya nyuma (kifaa cha kuhamisha mnyororo kati ya gia) ya Campagnolo, watengenezaji wa vipuri wa Italia, aina ya Nuovo Record ya miaka ya sabini, mara nyingi imechapwa neno PATENT na tarakimu mbili za mwaka. Ukishachomoa foku, safisha bomba lake la juu utafute muhuri wa njiwa: hiyo ni alama ya Columbus, watengenezaji wa mabomba wa Milan.

Mabomba hayo ndiyo mali yenyewe. Bomba la Columbus aina ya SL lina unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 tu katikati, kwa hiyo chuma kimeongezwa pale tu panapobeba mzigo na kupigwa na moto wa fundi. Ernesto Colnago, aliyeunda baiskeli ambayo mwendesha baiskeli Eddy Merckx aliivunjia rekodi ya umbali wa saa moja kule Mexico mwaka 1972 kwa kilomita 49.431, alikuwa akiwinda gramu moja moja. Maungio ya fremu hizi hayakuchomelewa. Fundi aliyeyusha shaba au fedha ikapenya kati ya bomba na kishikio. Basi usikubali mtu akuchomelee keria kwa welding ya stima. Moto ule hutoboa bomba la milimita 0.6 kabla fundi hajainua mkono. Wala usibane bomba kwenye jiliwa. Bana nguzo ya kiti.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole chini ya bomba la juu na lile la chini, karibu na pale yanapoungana na shingo ya mbele. Ukihisi mkunjo, au rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, baiskeli iligonga kitu na fremu imechoka. Iache. Kisha funga uzi kwenye mdomo mmoja wa fremu unaoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, uzungushe mbele ya shingo, urudishe hadi mdomo wa pili na uuvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja haina neno. Ikifika tatu, mkia umepinda.

Sasa ekseli ya pedali, na hapa ndipo fremu nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Mafundi wetu wamefundwa na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ambayo kombe lake la kulia (kikombe chenye thredi kinachoshika gololi za ekseli) lina thredi ya kinyume: unalifungua kwa kulizungusha kufuata mshale wa saa. Thredi ya Kiitaliano haiko hivyo. Makombe yote mawili, la kulia na la kushoto, hufunguka kinyume cha mshale wa saa. Fundi akitumia mazoea ya Black Mamba analikaza kombe badala ya kulifungua, na akiongeza bomba refu kwenye spana, thredi inakwisha.

Kwa hiyo pima kwanza. Safisha bomba fupi linalobeba ekseli, upime upana wake kwa kalipa. Milimita 70 ni Kiitaliano, 68 ni Kiingereza. Thibitisha kwa kusoma uso wa kombe, kwa sababu baadhi ya fremu za Italia zilizouzwa nje zilikatwa thredi ya Kiingereza. Ukiona 36 x 24 imechapwa, hapana shaka tena. Bomba la Kiingereza lililoharibika linaweza kukatwa upya liwe la Kiitaliano, kwa sababu la Kiitaliano ni pana zaidi. La Kiitaliano likiharibika halina pa kukimbilia, isipokuwa ekseli maalumu zinazojibana bila thredi, na hizo si rahisi kuzipata huku.

Kombe la kulia la Kiitaliano lina tabia ya kujifungua lenyewe. Kila unapokanyaga, mzigo huzunguka ndani ya kombe na kulisukuma taratibu kuelekea upande wa kulegea. Tiba ni hii: osha thredi kwa mafuta ya taa hadi zing'ae, zikauke kabisa, tia gundi ya thredi ya nguvu ya wastani kwenye kombe la kulia pekee, kisha kaza kwa spana bapa ya 36. Spana huteleza na kukwangua rangi, basi ibane juu ya kombe kwa boliti ndefu na washa pana. Upande wa kushoto tia grisi. Gololi ni 11 kila upande, za robo inchi. Nunua zote mpya, usichanganye na kuukuu. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kombe la kulia hadi kwenye fremu. Mistari ikiachana baada ya safari, kombe limetembea. Likaze mapema kabla halijala thredi.

Shingo ya usukani na nguzo ya kiti ni za alumini, na zikikaa miaka ndani ya chuma hushikana kwa kutu. Kwa unyevu wa Kisumu, tarajia hilo. Legeza boliti ya shingo mizunguko mitatu, weka kipande cha mbao juu yake, gonga mara moja ili kabari ya ndani iachie. Ikikataa, tia mafuta ya kupenya na usubiri hadi kesho yake. Unaporudisha, paka grisi. Nguzo ya fremu ya SL kwa kawaida ni milimita 27.2, ya 27.0 itaingia pia, lakini itazama unapopanda na mdomo wa bomba utajikunja.

Kwenye magurudumu, usidanganywe na namba 28 iliyo kwenye tairi. Tairi ya Black Mamba ya 28 x 1½ ina kipenyo cha milimita 635 pale inapokaa kwenye rimu, na rimu ya mbio ni 622. Soma namba hiyo ndogo ubavuni mwa tairi. Rimu isiyo na kingo za ndani ni ya tairi zinazobandikwa kwa gundi. Ni afadhali ubadilishe rimu. Ule mkono wa kufungia gurudumu, kazi ya Tullio Campagnolo ya mwaka 1930, hufungwa kwa kukunjwa, haukazwi kwa kuzungushwa kama nati. Ukiukunja, uache alama kiganjani. Ukifunga kwa wepesi, ongeza nusu mzunguko upande wa pili kisha ukunje tena.

Milima italeta swali la gia. Krenki (mikono ya pedali) za zamani za Campagnolo Record, ambazo boliti zake zimepangwa kwenye duara la milimita 144, hazipokei gia ya mbele iliyo chini ya meno 41, na nyingi zina 42. Kupanda kutoka Chemelil hadi Nandi Hills kwa 42 mbele na 21 nyuma ni kuumiza magoti bure. Weka friwili, yaani gia za nyuma, yenye meno 26. Ukitaka kufunga krenki ya Kijapani yenye gia ndogo, badilisha na ekseli, kwa sababu ncha zake za mraba hazilingani na za Kiitaliano na krenki haitakaa mahali pake. Mnyororo uukate ukiwa umezunguka gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Ukiwa mfupi, siku utakapokosea kubadilisha gia, direla itang'oka pamoja na spoki.