Windsor: usiende Jumanne wala Jumatano

Ukiwa London na unataka kwenda kuliona kasri la Windsor na kurudi siku hiyohiyo, angalia kalenda kwanza. Jumanne na Jumatano kwa kawaida halipokei wageni. Jumapili unaingia, ila kanisa la St George's lililomo ndani ya kasri, alikozikwa Malkia Elizabeth II mwaka 2022, siku hiyo ni la ibada tu. Na kwangu mimi, hilo kanisa ndilo lenyewe! Panda treni inayotoka stesheni ya Waterloo pale London, inakufikisha bila kubadilisha, kama saa moja hivi. Ya kutoka stesheni ya Paddington unabadilishia Slough. Mlangoni mnakaguliwa kama uwanja wa ndege, begi kubwa liache ulikofikia. Viatu navyo viwe vya kutembelea, maana kutoka stesheni ni kupanda kilima.