Vepu inavuja? Anza na hewa

Chukua mrija wa soda, uzamishe kwenye glasi ya maji, ziba tundu la juu kwa kidole kisha unyanyue. Maji yanabaki ndani. Achia kidole, yote chini. Tangi la vepu, yaani sigara ya kielektroniki, linakaa hivyohivyo: pamba ya koili (waya unaochemsha juisi) imeziba chini, mfuniko na oringi (pete za mpira) zimeziba juu, na juisi, yale majimaji yanayogeuka mvuke, imeshikwa katikati kwa kukosa hewa ya kuisukuma. Ndiyo maana majimaji yakitoka chini, kasoro mara nyingi iko juu, pale hewa ilipojipenyeza.

Kwanza hakikisha kweli inavuja. Matone membamba yasiyo na rangi kwenye tako la podi (kijitangi cha kuchomeka) ni mvuke uliopoa ukarudi kuwa majimaji. Yafute kwa pamba ya masikio kila baada ya siku mbili, basi. Juisi halisi inanata, ina harufu ya ladha yake, na ukiifuta hurudi hata kama hujavuta.

Ikiwa inarudi, toa tangi kwenye betri, lifute likauke, ulisimamishe juu ya tishu nyeupe iliyokunjwa mara mbili kwa muda wa saa mbili. Doa la katikati maana yake juisi imepita kwenye koili na kutokea tundu la hewa. Doa la duara linalofuata ukingo ni oringi ya kioo. Tishu ikiwa kavu lakini ubavu wa tangi umelowa kuanzia juu, angalia kizibo cha kujazia, au zungusha kioo mbele ya taa utafute ufa mwembamba kama unywele.

Oringi ichomoe kwa kijiti cha meno, si kwa sindano, maana sindano huikata. Ibonyeze kwa vidole: nzima hurudi kuwa duara, iliyochoka hubaki bapa. Iliyo bapa au yenye mkato itupe. Usiweke badala yake mpira mweusi wa kabureta ya bodaboda hata ukienea sawasawa. Haukutengenezwa kukaa kwenye kitu unachovuta kifuani. Wakati wa kurudisha ipake tone moja la juisi yenyewe ili iteleze isijikunje. Mafuta ya nazi hapana, na mafuta ya mgando hapana: mafuta yakifika mapafuni kama mvuke huleta madhara makubwa. Kaza kwa ncha za vidole mpaka ikatae, usiongeze. Ukikaza kwa nguvu za kufungulia chupa, oringi inabanwa hadi inatoka kwenye mfereji wake, na hapo umeutengeneza mvujo mwenyewe.

Koili ndiyo yenye mambo mengi. Koili za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1.0 hadi 1.2 zina matundu madogo na zinataka juisi nyepesi, ile ya nusu kwa nusu baina ya PG (propilini glaikoli, iliyo nyepesi) na VG (gliserini ya mimea, iliyo nzito). Koili za chini ya omu 0.5 zina matundu mapana na zinataka juisi nzito, VG asilimia 70 au zaidi. Ukitia nyepesi kwenye matundu mapana, pamba haiwezi kuishika. Koili mpya itie matone matatu hadi matano kwenye pamba, jaza tangi, subiri dakika kumi kabla ya kuvuta. Wati zifuate zile zilizoandikwa kwenye koili. Watu hushusha wati wakidhani wanaipumzisha koili, kumbe juisi inafika kwa wingi kuliko inavyochemka, inafurika kwenye bomba la katikati linalopitisha mvuke, unaanza kusikia inakoroma. Kuvuta kwa nguvu kama unanyonya madafu nako ni hivyohivyo. Vuta taratibu.

Ikishakoroma, toa tangi, zungushia tishu kwenye tako, puliza polepole kupitia mdomo wake mpaka tishu isilowe tena. Pitisha kipande kingine cha tishu kilichosokotwa kwenye bomba la katikati. Ikikoroma tena siku hiyohiyo na wati ziko sawa, koili imekwisha.

Kujaza kwenyewe kuna utaratibu. Zima, funga matundu ya hewa, elekeza ncha ya chupa kwenye ukuta wa kioo, wala si bombani, acha milimita mbili au tatu za nafasi juu. Funga mfuniko, pindua tangi juu chini, ndipo ufungue matundu ya hewa, kisha simamisha. Bila hivyo, mfuniko unaposhuka unasukuma hewa, na hewa inaisukuma juisi ipite kwenye koili.

Kwetu kuna jambo la ziada: karafuu na mdalasini. Ladha hizo hula baadhi ya plastiki. Tangi linapata ukungu, kisha nyufa. Tumia la kioo. Na asikudanganye mtu kutia mafuta ya karafuu kwenye juisi.

Jua la kaskazi nalo. Tangi la mililita 4 lililofika nusu lina mililita 2 za hewa. Ukiliacha garini likapanda kutoka nyuzi 28 hadi 58, hewa hiyo inatanuka kwa asilimia 10 hivi, na kiasi hichohicho cha juisi, matone kama manne, hakina pa kwenda ila nje. Ndege ndogo za Unguja na Pemba ni vilevile: kila mita 1,000 kwenda juu, mgandamizo wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 11. Kwa hiyo safiri na tangi lililojaa au tupu kabisa, lisimame wima, na betri iwe mkobani, si kwenye sanduku. Mfuko wa kanzu ndio mahali pabaya kuliko pote: vepu inalala ubavu, inapata joto la mwili, na doa la juisi kwenye kitambaa cheupe ni kazi kulitoa. Ramadhani, chombo kinaposhinda bila kuvutwa, kimwage kabla ya kulala.

Juisi ikifika kwenye betri, zima na uitoe. Futa sehemu ya kuungia kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa, usichaji kabla. Betri yenye ganda lililochanika usiirudishe. Vepu za kutupa usizipasue kutafuta mvujo. Ndani mna lithiamu.

Juisi iliyomwagika ifute kwa maji na sabuni, na mikono uoshe vivyo hivyo. Podi ya mililita 2 yenye nguvu ya miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 40 za nikotini, kiasi cha hatari kwa mtoto akiilamba. Tishu ulizofutia zifunge kwenye mfuko kabla ya kutupa.