Jinsi ya kuchagua na kusajili kozi ya hisabati mwaka wa kwanza ukiwa unasoma biashara

Mwongozo huu ni wa wanaoanza shahada ya biashara kwenye vyuo vya Tanzania ambavyo prospektasi yake (kitabu cha maelezo ya kozi za chuo) inakupa kuchagua: Hisabati za Biashara inayofundishwa na watu wa biashara wenyewe, au Kalkulasi inayofundishwa na idara ya hisabati. Kama kwenu ipo moja tu na imeandikwa ya lazima, ruka hadi sehemu ya usajili, maana huko ndiko watu wanakoumia zaidi.

Ada, kontrol namba na bima ya afya unavijua. Malizana navyo mapema, kwa sababu kwenye mifumo mingi ukurasa wa kozi haufunguki mpaka malipo yasome.

Sasa uchaguzi wenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa pili watakuambia ipi inasapisha watu (wanafeli na kurudia mtihani) na ipi ina mwalimu mpole. Wasikilize, lakini kabla ya hapo omba muhtasari wa kozi zote mbili na pepa za miaka iliyopita, kisha kaa peke yako na maswali mawili ya aina hii.

La kwanza: mtu kakopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki. Analipa kiasi kilekile kila mwezi kwa miezi 12. Kila mwezi atatoa ngapi? Jibu ni kama shilingi 189,119. Hii ndiyo Hisabati za Biashara: riba, thamani ya sasa ya fedha, malipo ya awamu, matriki, na difrensiesheni (kutafuta kasi ya badiliko) kidogo mwishoni.

La pili: gharama ya kuzalisha bidhaa q ni 1,000 + 40q + 0.1q². Ni uzalishaji upi unaoshusha wastani wa gharama hadi chini kabisa? Unagawa kwa q, unadifrensieti, unaweka sifuri, unapata bidhaa 100, na wastani wa 60 kwa kila moja. Ukifika hapo na bado unataka kujua kwa nini kuweka sifuri kunaleta jibu, na utathibitishaje kwamba hapo ni chini na si juu, Kalkulasi itakufaa. Ukifika hapo ukiwa umechoka na umeridhika na jibu, kaa na Hisabati za Biashara bila aibu yoyote. Ni kozi nzuri, na mhasibu anaitumia kila siku.

Aliyetoka EGM (tahasusi ya Uchumi, Jiografia na Hisabati) alishakutana na haya kwenye hisabati ya kidato cha tano na sita. Aliyetoka ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) amepita kwenye BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ambako difrensiesheni na intigresheni zimo lakini kwa juu juu, na kwa kuwa BAM haihesabiwi kwenye pointi za tahasusi, wengi waliisoma ili mradi wafaulu. Usijihukumu kwa tahasusi uliyotoka. Nimeona watu wa ECA wakiongoza kwenye Kalkulasi kwa sababu walikuwa wanafanya maswali kila jioni, na watu wa EGM wakisapu kwa kuamini kwamba wanaijua tayari.

Kitu ninachokusihi ukifanye ni kufungua prospektasi kwenye kurasa za mwaka wa tatu. Tazama kozi za mchepuo unaoutaka zinadai kozi zipi tangulizi. Anayewaza uchambuzi wa uwekezaji, uchumi, au shahada ya uzamili yenye takwimu nyingi, Kalkulasi inamfungulia mlango ambao baadaye ni mgumu kuufungua. Anayeelekea masoko au rasilimali watu hana sababu ya kujitesa.

Na hofu ya GPA (wastani wa pointi zako za kozi zote) ipigie hesabu badala ya kuibeba kichwani. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, na krediti ndizo uzito wa kila kozi kwenye wastani huo. Tuseme kozi ina krediti 12, ukapata C yenye pointi 2 mahali ambapo ungepata B+ yenye pointi 4. Umepoteza pointi 24, ambazo kwenye krediti 360 ni kama 0.07. Kwenye muhula wa krediti 60 ni 0.4, ndiyo maana matokeo ya kwanza yanatisha. Kwa anayekaribia mstari wa 3.5, unapoanzia daraja la pili la juu, hiyo 0.07 ina uzito. Kwa wengine wengi haistahili kuamua unachosoma.

Usajili. Kuchagua kozi kwenye mfumo hakutoshi. Angalia kama imeidhinishwa. Ukibadili mawazo, tarehe ya mwisho ya kubadili kozi iko kwenye almanaka, wiki za mwanzo kabisa za muhula, kwa hiyo hudhuria vipindi vya kozi zote mbili tangu siku ya kwanza. Angalia pia ratiba, kwa sababu idara ya hisabati haipangi vipindi vyake kwa kufuata ratiba ya biashara, na vinagongana.

Kubadili kuna hatua mbili: kuongeza mpya na kuondoa ya zamani. Kwangu mimi mfumo uliingiza mpya na kuiacha ya zamani palepale. Matokeo ya muhula yalipotoka, kozi niliyoisoma haikuwa na alama za majaribio, na niliyoiacha ilisoma kwamba sikutokea kwenye mtihani. Kila ofisi ilinielekeza kwa nyingine, na kilichoniokoa ni nakala ya fomu yenye saini za wakuu wa idara zote mbili. Kwa hiyo hata kama mfumo unasema tayari, jaza fomu ya karatasi, pata saini mbili na mihuri, piga picha, kisha chapisha orodha ya kozi zako yenye tarehe baada ya dirisha kufungwa.

Jaribio la kwanza likisahihishwa, tafuta namba yako ya usajili kwenye orodha ya idara inayofundisha. Usipoiona, nenda kwa mratibu wa mitihani wa idara hiyo siku hiyohiyo ukiwa na zile karatasi. Mwakilishi wa darasa hawezi kukufanyia hili. Yeye ana orodha ya wanaohudhuria, na alama zinaingizwa kwa orodha ya mfumo.