Kabla Hujafunga Kontena la Kwenda Mwanza: Jinsi Forodha Inavyoitazama Mali Yako

Mtu aliyeishi Manchester, Minneapolis au Muscat kwa miaka mingi, na ambaye sasa anajiandaa kurudi Mwanza, mara nyingi huanza kuuliza habari za ushuru siku anapoambiwa kwamba meli imeshatia nanga Dar es Salaam. Kufikia siku hiyo, karibu kila jambo linaloamua atalipa kiasi gani limeshapita. Gari limeshanunuliwa na mwaka wake wa kutengenezwa haubadiliki, risiti zimetupwa, na vyombo vilivyotumika vimechanganywa na bidhaa mpya za kuuza. Forodha haiamui kwa kuangalia kwamba wewe ni mtoto wa nyumbani au kwamba mzigo ni zawadi ya mama aliyeko Igoma. Inaamua kwa kuangalia bidhaa ni nini, imetoka wapi, ina thamani gani, ni ya nani, na karatasi zipi zinathibitisha hayo.

Kazi hiyo kwa Tanzania inafanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Sheria inayotumika, hata hivyo, si ya Tanzania peke yake, bali ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo pia inayowaongoza maofisa wa Kenya na Uganda. Kwa sababu hiyo, masharti ya msingi utakayokutana nayo Bandari ya Mwanza ni yale yale ya Mutukula, Sirari au Kisumu. Afisa forodha hakusanyi mapato tu. Yeye ndiye anayezuia mzigo hadi Shirika la Viwango (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) au chombo kingine kinachohusika kiridhike, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa amelipa kila shilingi anayodaiwa na bado mzigo wake usitoke.

Nafuu kubwa kwa anayerudi moja kwa moja imo katika Jedwali la Tano la sheria hiyo, linalotoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Jumuiya. Nguo zake, vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumbani husamehewa, mradi viwe ndivyo alivyokuwa akivitumia huko alikokuwa anaishi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Friji lililotumika nyumbani kwako Leicester lina nafasi katika msamaha huo, lakini friji tatu zilizo bado ndani ya maboksi yake haziwezi kuitwa vyombo vya nyumbani, na ukiziingiza katika orodha ile ile unampa afisa sababu ya kutilia shaka orodha nzima. Ni bora bidhaa mpya uzitenge, uziandikie ankara zake, na uzilipie. Andaa mapema ushahidi wa kuhama: mkataba wa nyumba uliovunjwa, barua ya kumaliza kazi, kibali cha ukaazi, pasi yenye mihuri. Mzigo usiosafiri nawe unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu ulipowasili, na Kamishna wa Forodha anaweza kuongeza muda huo bila kuvuka siku 360. Anayekuja likizo ya Desemba na kuondoka Januari hajahama makazi, hata akifika na kontena la futi 40.

Gari lina masharti yake. Anayehama anaruhusiwa gari moja, ambalo amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu muda ambao gari lilikuwa safarini melini. Kadi ya usajili iwe na jina lako, wala si la shemeji au la kampuni, na bima ya kipindi hicho iwepo. Kununua gari mwezi mmoja kabla ya kurudi kwa kutumaini msamaha ni kupoteza fedha. Msamaha wa ushuru wa forodha pia usiuchukulie kuwa umefuta kodi na tozo zote za ndani, wala gharama za usajili. Kila moja iulizie peke yake, na ikiwezekana jibu ulipate kwa maandishi. Kwa asiye na msamaha, umri wa gari ni jambo zito, kwa kuwa gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa huongezewa ushuru ambao mtaani unaitwa wa uchakavu. TRA imeweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha magari yaliyotumika, na kukitumia kabla ya kununua ni kazi ya dakika chache. Kwa maoni yangu, gari kuukuu la bei poa mnadani ndilo mara nyingi linalogeuka kuwa ghali kuliko yote likifika Buhongwa.

Kwa bidhaa zinazolipiwa, thamani inayotozwa ushuru si bei ya dukani peke yake, bali ni bei hiyo pamoja na nauli ya mzigo na bima. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na hicho cha mwisho kilianza Julai 2022. Chukua mfano wa mashine za thamani ya dola 2,000, zilizosafirishwa kwa dola 600 na kukatiwa bima ya dola 100, zikiwa katika kundi la asilimia 25. Thamani ya forodha ni dola 2,700 na ushuru wake ni dola 675. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya viwili hivyo, yaani dola 3,375, na kufikia dola 607.50, kabla ya tozo nyingine ndogo. Anayeandika ankara ya dola 400 ili kupunguza mzigo huu ajue kwamba afisa ana haki ya kuikataa bei hiyo na kutumia njia nyingine za uthamini zilizomo katika sheria, na kwamba tamko la uongo ni kosa la jinai.

Tamko la forodha, kwa shehena ya kontena, huwasilishwa na wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA. Mchague ukiwa bado ughaibuni, uhakikishe leseni yake, na malipo ya serikali yafanyike kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na mfumo, wala si kwa kutuma fedha kwenye simu ya mtu. Sheria inatoa siku 21 za kuwasilisha tamko tangu mzigo uanze kushushwa, na ukichelewa mzigo unaweza kupelekwa kwenye ghala la forodha na hatimaye kutangazwa kwa mnada, huku gharama za kuhifadhi zikiendelea kupanda. Kontena la kuchangia na watu wengine linapunguza nauli, ila mmoja wenu akificha kitu, nyote mnasubiri.

Wapo wanaodhani kwamba njia rahisi ni kununulia Kampala au Kisumu na kuvuka ziwa, kwa kuwa Jumuiya ni moja. Jumuiya ni moja kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani yake na zenye uthibitisho wa uasilia, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi kinachopatikana mpakani. Televisheni iliyotoka China haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu imeuzwa Kampala. Kupitisha mzigo usiku kwenye mwalo (sehemu ya kuegesha mitumbwi) usio na ofisi ya forodha ni magendo, na chombo kilichobeba kinaweza kutaifishwa pamoja na mzigo.

Kabla ya kufunga masanduku, pitia pia yale yasiyoruhusiwa au yanayohitaji kibali. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuingizwa. Ndugu wa visiwa vya Ziwa Victoria akikuagiza nyavu za timba, mkatalie, kwa sababu ni haramu ziwani hata kama huko uliko zinauzwa dukani. Ndege nyuki za kupigia picha zinahitaji kibali, nacho kiombwe kabla ya safari. Dawa unazotumia ziende na cheti cha daktari. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi hutolewa taarifa mpakani, na kutoa taarifa hakuna ushuru.

Ukiona umekadiriwa isivyo haki, usimalizie hasira kwa wakala. Unaweza kuomba mapitio kwa Kamishna kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ukieleza sababu na kuambatisha vielelezo, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Usiporidhika, unazo siku 45 za kukata rufaa.

Safari ya kurudi ughaibuni nayo ina forodha yake, ila hapo sheria ni ya nchi unakokwenda. Kwa Umoja wa Ulaya, msafiri anaruhusiwa samaki kwa matumizi yake hadi kilo 20, au samaki mmoja akizidi uzito huo, na samaki mbichi awe ametolewa utumbo, hivyo dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba hawana shida wakifungwa vizuri. Nyama iliyokaushwa na maziwa ya mgando, hata kidogo, viache nyumbani.